Kazi Uliyoiacha na Tabia Uliyo Nayo

Mhadhara uliotolewa mbele ya jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili, Columbus, Ohio



Naona hapa mbele baadhi yenu bado mmevaa sare za kazini, na ninajua maana yake: mmetoka zamu ya usiku na hamjalala. Nitajitahidi nisiwaongezee usingizi.

Waliotoka Kenya wanaikumbuka foleni ya cheti cha tabia njema. Vidole vyote kumi vinapakwa wino, kimoja kimoja vinabanwa kwenye karatasi, kisha unarudi nyumbani unajisugua weusi usiotoka. Cheti kikija hakisemi kwamba wewe ni mwema. Kinasema polisi hawana rekodi ya uhalifu dhidi yako, basi. Mwajiri anakitaka kabla hajakupa kazi, kwa hiyo tabia inatangulia na kazi inafuata. Mtu anayeomba uraia wa tajnisi hapa Marekani anakuta mambo yamepinduliwa. Yeye anaandika kazi zake zote za miaka mitano, na afisa anaipitia orodha hiyo akitafuta tabia ndani yake.

Ndiyo maana swali ninaloulizwa kuliko yote, kanisani, msikitini, hata nikiwa na sahani ya pilau mkononi harusini, ni hili: nikiacha kazi, je, uraia wangu utaingia doa? Wengine wanauliza kinyume chake: nimefukuzwa, nimekaa miezi minane bila kazi, watasema mimi ni mvivu? Na wapo wanaovumilia msimamizi anayewatukana kila siku kwa sababu wameambiwa kwamba kuhamahama kazini ni dalili ya tabia mbaya.

Mimi si wakili. Ni mkalimani, na miaka yangu mingi nimeipitisha nikiketi pembeni ya meza ambayo upande mmoja ameketi afisa wa uhamiaji na upande wa pili mmoja wenu. Kesi ya mtu binafsi ina mambo yake, na mahali pake ni kwa wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa. Siyo kwa jirani anayejaza fomu sebuleni. Jibu langu la leo ni la jumla, na nitalisema mapema ili anayesinzia asilikose: uamuzi wako wa kuacha kazi, kubadili kazi au kukosa kazi haukuharibii tabia mbele ya sheria. Kinachoweza kukuharibia ni maelezo unayoyatoa kuhusu kazi hiyo, na mambo machache ambayo kazi inayabeba mgongoni. Muda uliobaki ni wa kuyapitia.

Sheria inasema nini

Sharti la tabia ni la zamani kama uraia wenyewe wa nchi hii. Sheria ya kwanza ya tajnisi, ya mwaka 1790, ilimtaka mwombaji awe mtu huru, mweupe, mwenye tabia njema, aliyeishi hapa miaka miwili. Mwaka 1795 miaka ikawa mitano, na neno likakamilishwa: tabia njema ya kimaadili. Ubaguzi ulichukua muda mrefu kutoka. Watu wenye asili ya Afrika waliruhusiwa mwaka 1870, na vizuizi vya rangi viliondolewa kabisa mwaka 1952. Sharti la tabia halikuondoka hata siku moja.

Sheria ya mwaka 1952, ambayo ndiyo inayotumika mpaka leo pamoja na marekebisho yake, ina jambo la kuchekesha kidogo. Haisemi mwenye tabia njema ni nani. Inamtaja asiye nayo: muuaji, aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la aina fulani, aliyefungwa gerezani siku 180 au zaidi katika kipindi kinachopimwa, mlevi wa kupindukia, anayeishi kwa kamari haramu, aliyetoa ushahidi wa uongo ili apate manufaa ya uhamiaji, na wengineo. Kipindi kinachopimwa kwa kawaida ni miaka mitano kabla ya kuomba hadi siku ya kiapo, au mitatu kwa aliyeolewa au kuoa raia na anayeishi naye. Afisa anaruhusiwa kutazama nyuma zaidi ya hapo akiona sababu.

Someni orodha hiyo mara mbili. Hamtamkuta aliyeacha kazi. Hamtamkuta aliyefukuzwa kwa kuchelewa, wala aliyefanya kazi sita katika miaka mitano. Kanuni zinasema tabia ipimwe kwa kiwango cha mwananchi wa kawaida katika jamii anamoishi mwombaji. Sasa mwananchi wa kawaida wa Columbus, aliyezaliwa hapa, anafanyaje akiona ghala la ng'ambo ya barabara linalipa dola mbili zaidi kwa saa? Anahama wiki ijayo, na hakuna anayemwita mtu asiye na tabia.

Muuguzi na mkataba wake

Hata hivyo wasiwasi huu una chimbuko, na chimbuko lenyewe si ujinga. Chukueni mfano wa dada yetu muuguzi kutoka Eldoret. Hospitali au wakala wa Marekani anamwombea viza ya uhamiaji kwa msingi wa ajira. Anatia saini mkataba wa miaka mitatu. Anashuka uwanja wa ndege akiwa tayari mkaazi wa kudumu, na grini kadi inamfuata kwa posta. Miezi saba baadaye amechoka: wagonjwa ni wengi kuliko alivyoambiwa, zamu zinabadilishwa usiku kwa usiku, na dada yake wa damu yuko jimbo jingine ambako hospitali zinaajiri. Anaondoka. Wakala anamwandikia barua akidai maelfu ya dola, na mwishoni anaongeza sentensi ya kumkumbusha kwamba "hali yake ya uhamiaji" inaweza kuathirika.

Hapa pana mambo matatu yaliyosokotwa pamoja, nasi tuyafumue.

La kwanza ni mkataba. Kuuvunja ni jambo la madai baina ya watu wawili. Anayedai aende mahakamani, naye huko anaweza kushindwa. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho huko New York, katika kesi ya wauguzi waliotoka Ufilipino, iliamua kwamba faini ya dola 25,000 iliyowekwa ili wasithubutu kuondoka haikuwa halali, na kwamba vitisho vile viligusa sheria ya kuzuia kazi ya kulazimishwa. Barua ya wakala inatisha, lakini mwenye kuipima tabia ya muuguzi ni afisa wa serikali. Wakala hana mizani hiyo.

La pili ni nia. Grini kadi ya ajira hutolewa kwa sababu kazi ipo kweli na mfanyakazi anakusudia kweli kuifanya. Dada yetu aliifanya miezi saba, akaacha kwa sababu zilizomkuta baada ya kufika. Nia yake ya mwanzo haina shaka. Angekuwa ameshuka ndegeni na kwenda moja kwa moja kwa dada yake, asiikanyage hospitali iliyomwombea hata siku moja, afisa angekuwa na haki ya kuuliza kama kazi ile ilikuwa ya kweli au ngazi tu ya kupandia. Na swali hilo, mkilitazama vizuri, halihusu tabia. Linahusu kama grini kadi yenyewe ilipatikana kihalali, jambo ambalo sheria ya tajnisi inalitaka kando na tabia.

La tatu ni hesabu ya mtaani. Mtasikia ukae mwaka mmoja, wengine watasema siku 180. Sheria haina muda wowote wa lazima wa kukaa kwa mwajiri baada ya kupata ukaazi wa kudumu. Hizo siku 180 zimeokotwa kwenye sheria ya mwaka 2000 inayowahusu watu wengine: wale waliowasilisha ombi la ukaazi wakiwa tayari ndani ya Marekani, na ombi likakaa siku 180 bila kuamuliwa. Hao wanaruhusiwa kuhamia kwa mwajiri mwingine, mradi kazi iwe ile ile au inayofanana. Namba imetoka kwenye nyumba yake ikaenda kulala kwa jirani. Kukaa muda wa kutosha kunasaidia kuonyesha nia, hilo halina ubishi, lakini hakuna kengele inayolia siku ya 181.

Dada yetu akifika kwenye usaili wa uraia miaka mitano baadaye, ataulizwa kwa nini aliondoka. Aseme kwa nini aliondoka. Akiwa amehifadhi ratiba za zamu, hati za mshahara na barua yake ya kuacha kazi, ataeleza kwa dakika mbili na usaili utaendelea. Hatari inaanza pale anapoambiwa na mjuaji wa mtaani aandike kwamba alikaa miaka miwili.

Uongo kuhusu kazi

Katika mambo yote niliyowahi kutafsiri, hili ndilo linalowaponza watu wengi kwa sababu ndogo kabisa.

Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Feodor Fedorenko. Alikuwa mlinzi katika kambi ya mauaji ya Treblinka wakati wa vita vya pili vya dunia. Alipoomba viza alibadilisha historia ya kazi yake: akasema alikuwa mkulima huko Sarny, kisha mfanyakazi wa kiwandani Ujerumani. Aliingia Marekani mwaka 1949, akafanya kazi ya kiwandani Connecticut miaka mingi bila kesi na mtu, akapata uraia mwaka 1970. Mahakama ilimvua uraia huo. Hukumu ilisimama juu ya uharamu wa viza yake, kwa kuwa aliyewatumikia waliotesa raia hakustahili kuipata. Lakini oneni uongo wenyewe uliwekwa wapi: kwenye kisanduku cha kazi. Fomu ya uraia ya leo nayo inauliza kama uliwahi kufanya kazi, hata ya kujitolea, gerezani, katika kambi, jeshini, polisi au katika kundi lenye silaha. Kwa ndugu zangu waliopita Kivu au Bujumbura katika miaka mibaya, swali hilo linaweza kuwa zito kuliko yote. Litafutieni wakili kabla ya kulitafutia jibu.

Mtasema huyo alikuwa mtu wa Treblinka, sisi tunahusikaje? Basi sikieni la mwaka 1988, kesi ya Kungys. Mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba chini ya kipengele cha ushahidi wa uongo, haihitajiki uongo uwe mkubwa wala uwe na uzito katika uamuzi. Inatosha ukiwa umetamkwa kwa mdomo chini ya kiapo, kwa nia ya kupata manufaa ya uhamiaji. Maana yake ni kwamba kazi ambayo ungeitaja isingekudhuru hata kidogo, ukiikana chini ya kiapo kwa kudhani itakudhuru, yaweza kukunyima uraia. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa mara nyingi hata maradhi yenyewe hayakuwepo.

Kuna kisanduku kingine kidogo, na hiki mnakutana nacho siku ya kwanza kazini, siyo siku ya usaili. Tangu mwaka 1986 kila mwajiri hapa lazima amjazishe mfanyakazi mpya fomu ya kuthibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi. Katika sehemu yake ya kwanza pana mahali pa kuchagua: raia, au mkaazi wa kudumu, na kadhalika. Meneja ana watu kumi wa kuwaandikisha kabla ya chakula cha mchana, anasema weka alama hapo. Anayeweka alama ya raia ilhali si raia amejitwisha mzigo ambao tangu mwaka 1996 sheria inauhesabu kuwa mzito mno. Wengine wamefikishwa mbele ya hakimu wa uhamiaji kwa ajili yake. Soma kabla ya kuweka alama. Meneja atangoja.

Neno "kazi"

Niruhusuni nisimulie tukio moja ambalo nililiona kwa karibu kwa sababu lilipita mdomoni mwangu.

Mzee mmoja kutoka Kivu ya Kusini, aliyekaa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuja huku, alisamehewa mtihani wa Kiingereza kwa sababu ya maradhi, nami nikawa mkalimani wake. Alivaa koti la suti lililomzidi mabegani. Afisa, mama mmoja mtulivu, akamuuliza: katika miaka mitano iliyopita umefanya kazi wapi? Nikatafsiri. Mzee akajibu bila kusita: "Kazi sina, mwanangu. Sijafanya kazi tangu nilipofika."

Nami nilijua, kwa sababu mtaa mzima unajua, kwamba kila Jumamosi asubuhi mzee huyu huuza mchicha, lengalenga na majani ya maboga aliyoyalima kwenye kipande cha shamba alichokodi nje ya mji. Nilijua pia kwamba hakuwa anadanganya. Katika Kiswahili chake, na chenu, na changu, mtu anayeuza mboga "hana kazi". Ana shughuli, ana biashara ndogo, anajitafutia. Kazi ni ile yenye mwajiri na mshahara wa mwisho wa mwezi. Anayebeba matofali kwa siku ana kibarua. Mama anayesuka nywele jikoni kwake anasuka tu. Tumelea neno ambalo lina mlango mwembamba, halafu tunalipeleka mbele ya fomu inayotaka kila kitu: ajira, biashara yako mwenyewe, masomo, na hata miezi ya kukaa bure, ambayo nayo inaandikwa kwamba ulikuwa huna kazi.

Mkalimani haruhusiwi kumjibia mtu. Nilimwomba afisa ruhusa ya kueleza kwamba neno nililotumia lina maana finyu, akakubali, akauliza upya: je, kuna chochote unachofanya kinachokuingizia pesa? Uso wa mzee ukafunguka. Akaanza na mchicha, akaenda kwenye bei ya fungu, akamweleza afisa jinsi baridi ya mwezi wa Aprili ilivyomuulia miche. Ilibidi afisa amsimamishe.

Sheria inaangalia nia, na mtu aliyekosea kwa sababu ya neno hajatoa ushahidi wa uongo. Lakini nia haina kipimajoto. Afisa mwingine, siku nyingine, mwenye karatasi ya soko la wakulima yenye jina la mzee mkononi, angeweza kuliandika jibu lile la kwanza na kufunga jalada. Kwa hiyo kwenye usaili tupanueni neno. Ukiulizwa kazi, jibu kazi, kibarua, biashara na shughuli.

Kodi, bangi na matunzo

Nilisema yapo mambo machache ambayo kazi inayabeba mgongoni, na mchicha wa mzee unatupeleka kwenye la kwanza: kodi. Anayeajiriwa hukatwa kodi kabla hajaiona pesa. Anayejiajiri hukabidhiwa zote, na hapo ndipo mtihani ulipo. Dereva wa Uber, msusi, anayepika sambusa za sherehe, fundi anayelipwa taslimu: faida ikifika dola 400 kwa mwaka, unatakiwa kuwasilisha ritani kwa mamlaka ya kodi, IRS. Kutokuwasilisha kwa miaka kadhaa ni jambo ambalo afisa anaweza kulihesabu dhidi ya tabia yako. Aliyechelewa, akawasilisha, akakubaliana na IRS kulipa kidogo kidogo na analipa kweli, anasimama mahali pazuri kuliko aliyejificha. Kuacha ajira ili ujiajiri si kosa, ila siku hiyo umekuwa karani wako mwenyewe wa kodi.

La pili ni biashara ambayo jimbo linaikubali na serikali ya shirikisho inaikataa. Hapa Ohio tulipiga kura Novemba 2023, waliokuwa na kura, na mwezi Agosti 2024 maduka yakaanza kuuza bangi ya burudani kwa watu wazima. Yana mabango, yana risiti, yanalipa kodi, yanaajiri. Kijana mwenye grini kadi anaona tangazo la kazi ya kaunta yenye mshahara mzuri. Kwa jimbo ni kazi kama nyingine. Uraia, hata hivyo, ni wa shirikisho, na kwenye sheria ya shirikisho bangi bado imo miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa. Mwezi Aprili 2019 idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo ulio wazi: kushiriki katika biashara hiyo, hata yenye leseni ya jimbo, kwa kawaida kunamzuia mwombaji kuthibitisha tabia njema. Huhitaji kukamatwa. Kukiri kwako mwenyewe mbele ya afisa kunaweza kutosha. Hapa, ndugu zangu, uamuzi wa kazi unagusa tabia moja kwa moja, na sina namna ya kulainisha.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1909 Mahakama Kuu ya jimbo la Illinois ilikataa kwamba mwenye baa aliyekuwa akiifungua Jumapili, kinyume cha sheria, alikuwa na tabia njema ya kustahili uraia. Mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho huko Wisconsin, ambako Wajerumani wengi waliona bia ya Jumapili ni sehemu ya mapumziko, ilimpokea mwenye baa mwingine mwenye kosa kama hilo. Kazi moja, kosa moja, na majibu mawili yaliyotofautiana kwa sababu majirani walitofautiana.

Na kwa wenzangu wa Meru: miraa. Huko Maua miraa imesomesha watoto mpaka vyuo vikuu, na mkulima wake anaheshimika. Ukivuka mpaka kuingia Tanzania inaitwa mirungi na ni marufuku. Hapa Marekani majani mabichi yana kathinoni, ambayo iko katika daraja kali kabisa la dawa zinazodhibitiwa. Anayepokea mzigo na kuusambaza kwa watu wake Ijumaa jioni anadhani anauza burudani ya nyumbani. Jalada lake litamwita muuza dawa za kulevya.

La mwisho ni matunzo ya watoto, na hili wanaume hawalipendi. Kanuni zinasema anayekataa kwa makusudi kuwatunza wanaomtegemea hana tabia njema, isipokuwa awe na sababu ya kueleweka. Kukosa kazi kunaweza kuwa sababu ya kueleweka. Lakini mwongozo wa maafisa unawataka waulize pia: alikosaje kazi hiyo? Kiwanda kikifungwa, huna lawama. Ukiacha kazi wiki ile ile mahakama ilipoagiza ukatwe mshahara kwa ajili ya mtoto, kuacha kazi huko kumezungumza badala yako.

Kuhusu anayehamishiwa nje ya nchi, tuseme Dubai au Nairobi, kwa kazi ya mwaka mzima, hilo ni suala la ukaazi usiokatika, na lina masharti yake. Anaweza kulazimika kuhesabu miaka upya akiwa na tabia safi kama theluji ya asubuhi.

Kazi imara kama fadhila

Nimesema orodha ya sheria haimtaji aliyeacha kazi. Bado ni kweli. Lakini tarehe 15 Agosti 2025 idara ya uhamiaji iliwaandikia maafisa wake waraka unaowataka wasiishie kuangalia makosa, bali wapime maisha yote ya mwombaji na mema aliyoyachangia. Miongoni mwa mema hayo imetajwa historia ya ajira imara na halali, pamoja na elimu, kulea familia, kulipa kodi na kushiriki katika jamii. Siku chache baadaye ikaja taarifa ya kufufua uchunguzi wa mitaani, uliokuwa umeachwa tangu mwaka 1991: maafisa kuwauliza majirani na watu wa kazini kwako. Sheria ilikuwa nao siku zote, na inataja mahali ulipofanya kazi sambamba na mahali ulipoishi.

Kwa upande mmoja ninafurahi. Mama aliyepanguza wazee katika nyumba ya kulelea kwa miaka kumi bila kukosa zamu anastahili kuhesabiwa hilo, na hapo nyuma fomu ilikuwa haimwoni. Leteni barua za wasimamizi wenu. Leteni za wachungaji na maimamu.

Kwa upande mwingine ninaogopa neno "imara". Uimara wa ajira hauko mikononi mwa mfanyakazi peke yake. Ghala linaajiri watu mia tatu mwezi Novemba kwa ajili ya Krismasi na kuwaachisha Januari. Kiwanda cha nyama kinabadilisha mmiliki. Mkisoma historia ya kazi ya mtu kama huyo mtaona misukosuko, lakini ni misukosuko ya soko, naye ameipitia kila mara akitafuta kazi nyingine kesho yake. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima, wakimkanya anayebagua kazi. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya mtu ambaye jembe linanyang'anywa mikononi mwake kila baada ya miezi mitatu. Naomba maafisa waielewe tofauti hiyo, na nawaomba ninyi muwasaidie kuielewa: andikeni sababu ya kila kuondoka. Nunueni daftari, lile la shule linatosha. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, jina la mwajiri, sababu kwa mstari mmoja. Miaka mitano ni mirefu kwa kumbukumbu ya mtu anayefanya kazi usiku.

Namalizia na mzee wangu wa mchicha. Alifaulu. Tulitoka mpaka kwenye maegesho, akaketi ndani ya gari lakini hakufunga mkanda. Alikuwa anafikiri. Kisha akaniuliza: "Wameuliza nilifanya kazi wapi, lini, na pesa ngapi. Mbona hawakuuliza kama nililima vizuri?"

Nilimwambia kwamba fomu haina kisanduku cha swali hilo. Jumamosi iliyofuata nilikwenda sokoni kwake nikanunua mafungu manne.